Adabu za Mlimani: Siku ya Wagumu wa Kilimanjaro

Kazi ya mlima, kama wanavyoiita watu wa Moshi, ina ngazi zake. Juu yupo kiongozi mkuu, halafu wasaidizi wake, mpishi, mhudumu wa meza, na mwisho wapagazi, ambao wenyewe hupenda kuitana wagumu. Wengi ni Wachaga wa Marangu, Machame, Kibosho na Old Moshi. Wengine wametoka Upareni, Meru na kwingineko. Wakishavuka lango la hifadhi wote huishi kwa adabu moja, na sehemu kubwa ya adabu hiyo imepanda nao kutoka vijijini, kwenye vihamba vya migomba na kahawa.

Anayetaka kuiona afuatane nao siku ya kutoka kambi ya Barranco hadi kambi ya Barafu, kwenye njia ya Machame. Barranco iko mita 3,900 na ushei, na alfajiri mahema huwa yameganda umande. Mhudumu hupita hema kwa hema na chai ya moto na beseni la maji ya kunawa. Kijana hamwamkii kiongozi mzee kwa “mambo”, humpa shikamoo yake, na Wachaga kwa Wachaga utawasikia: “Shimbonyi, mbe.” Baridi haijawahi kuwa udhuru wa kuruka salamu.

Wageni hutangulia. Wagumu hubaki kung'oa mahema na kufunga mizigo. Kanuni ya hifadhi ni kwamba mzigo wa mpagazi usizidi kilo 20, na mizani iko langoni. Mzigo huo hukaa kichwani au begani, huku nguo zake mwenyewe zikiwa mgongoni. Ingawa ameondoka nyuma, ni lazima afike mbele, hema lisimame kabla mgeni hajafika. Ndiyo maana sheria ya kwanza ya njia ni kumpisha mwenye mzigo: unasimama upande wa mlima, si upande wa bonde, naye anapita. “Pole, kaka.” “Asante, tuko pamoja.”

Sheria hiyo hupimwa kwenye ukuta wa Barranco, mwamba wa mita 250 hivi unaopandwa kwa mikono na miguu. Kuna mahali njia ni nyembamba hata mpandaji hulazimika kulikumbatia jiwe. Wagumu hupita hapo wakiwa na meza, viti na mitungi ya gesi, na aliyekwisha kuvuka hugeuka kumpokea mwenzake mzigo.

Mbele ya ukuta ni bonde la Karanga. Hapa ndipo mwisho wa maji. Kutoka Karanga kwenda juu hakuna kijito cha kutegemea. Kila kikombe cha chai kitakachonywewa Barafu, zaidi ya mita 4,600, kimebebwa na mtu kwenye dumu. Kwa hiyo huwezi kuona maji yakimwagwa ovyo, na kwenda kuyachota ni kwa zamu. Mchaga hahitaji kufundishwa hilo. Babu zake walichimba mifereji iliyoshusha maji ya mlima hadi vihambani, kila ukoo ukiwa na zamu yake, na aliyekwepa kazi ya kusafisha mfereji alitozwa faini.

Jioni Barafu mpishi huwatangulizia wageni supu. Baadaye wagumu huzunguka sinia moja la ugali, kabichi na dagaa, wakipanga nani ataamka kupasha maji. Karibu na usiku wa manane kiongozi na wasaidizi wake huwaongoza wageni kwenda kilele cha Uhuru, mita 5,895. Wapagazi wengi hubaki kambini. Wapo waliobeba mizigo miaka mingi bila kukikanyaga kilele. Historia nayo imewatendea hivyohivyo: dunia inakumbuka kwamba Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika juu tarehe 6 Oktoba 1889, lakini ni wachache wanaomtaja Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, anayekumbukwa kwao kama kiongozi wa msafara ule, sembuse waliobeba chakula.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mlimani mgeni anakuja kweli, ila kupona kwa mwenyeji kunategemea mkataba. Zipo kampuni zinazopunja ujira wa siku, zipo zinazoongeza mzigo lango likishapitwa, na zipo ambazo bahashishi ya mgeni hupotelea mikononi mwa watu kabla ya kumfikia mbebaji. Mradi wa Kusaidia Wapagazi wa Kilimanjaro, KPAP, huwaazima wapagazi nguo za baridi bila malipo na hufuatilia wanavyotendewa, lakini mradi peke yake hauwezi kusimama kwenye kila kambi.

Watanzania nao sasa wanapanda kwa wingi, hasa kuelekea tarehe 9 Desemba, kukumbuka usiku wa uhuru wa 1961 Luteni Alexander Nyirenda alipoupeleka Mwenge na bendera kileleni. Ukijiandikisha, ndugu msomaji, usiulize bei ya safari tu. Uliza mpagazi analipwa kiasi gani kwa siku, anakula mara ngapi na analala wapi. Njiani mpishe. Siku ya kushuka, mpe haki yake mkononi mwake, mbele ya wenzake.