Kuchemsha na Kukamua: Vitenzi katika Habari za Dawa

Waandikao habari za mitishamba hujali mno majina ya miti, na vitenzi huvipita upesi. Hasara yake yaonekana katika kisa cha pakanga ya Kichina. (Jina pakanga si geni kwetu, limo hata katika Biblia ya Kiswahili.)

Mwaka 1971 Bibi Tu Youyou na wenzake huko Beijing walikuwa wakitafuta dawa ya malaria. Mmea uitwao qinghao ulifaa mara moja, mara ya pili haukufaa. Bibi huyo akakirudia kitabu cha Ge Hong, tabibu wa karne ya 4, akaona kwamba mgonjwa ameagizwa kuloweka konzi ya mmea majini, kuukamua, na kunywa maji yake. Kuchemsha hakukutajwa. Akashuku kwamba moto ndio uharibuo. Akatumia etha, ambayo huchemka kwa nyuzi 35 hivi tu. Hivyo kikapatikana kiini cha artemisinini, ambacho hakiyeyuki vyema katika maji, na ambacho kilo nzima ya majani makavu hutoa gramu chache tu. Dawa zitokanazo nacho ndizo zichanganywazo na nyingine katika dawa ya mseto, nalo ni jina zuri, lililotoka jikoni. Mwaka 2015 Bibi Tu alipewa Tuzo ya Nobel.

Sasa tuje Ukonga. Ukiuliza habari za mwarobaini, yamkini utajibiwa, "Chemsha, unywe." Lakini ukikaa na mjuzi, vitenzi huongezeka. Kufikicha ni kazi ya viganja, kutwanga ni ya mchi. Kuloweka kwataka muda. Achujaye hutenga makapi. Akamuaye huyalazimisha makapi yenyewe yatoe yaliyomo. Katika daftari la mtafiti hayo yote hugeuka kuwa "hutengeneza dawa", na mkemia wa Taasisi ya Tiba Asili, Muhimbili, hajui aanze na maji baridi, moto, au mafuta.

Hapa sisemi kwamba watu wanywe chai ya pakanga: Shirika la Afya Duniani halishauri hivyo, kwa kuwa kipimo chake hakijulikani.

Nasema juu ya daftari. Yafaa tuulize kama majani ni mabichi au makavu, yalilowekwa tangu lini, moto uliingia wakati gani, na kama makapi hutupwa. Na kitenzi kiandikwe kama kilivyotamkwa, hata kikiwa cha Kizaramo.