Rangi ya Mafuta Haitaki Haraka

Nchini Uganda, katika Chuo cha Makerere, Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa mwaka 1937. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwa Sam Ntiro wa Kilimanjaro. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, imehifadhiwa New York.

Mchoraji wa rangi za mafuta hufunzwa subira kwanza. Tabaka la chini huzimuliwa kwa tapentaini, likauke upesi. Ya juu huongezwa mafuta. Akigeuza utaratibu huo, juu hukauka ilhali chini kungali kubichi, na picha hupasuka.

Aliyepita depo anaijua kanuni hii: hatua ya msingi ikirukwa, ufa hujitokeza baadaye, hadharani.