Likizo ya Mvua, Haki ya Mfanyakazi

Ndugu wafanyakazi, likizo si lazima iwe safari ya mbali. Nchini Uingereza wenzetu wengi huimaliza ndani ya nchi yao, wakipanda gari na marafiki kwenda mashambani, ingawa kiangazi cha huko mara nyingi ni cha mvua. Mwezi wa Agosti tulifuatana na marafiki wanne kutoka Manchester, mji uliojulikana kwa biashara ya pamba, hadi vilima vya Peak District.

Mvua ilianza kabla hatujatoka mjini. Tulikunywa chai ndani ya gari, vioo vimejaa ukungu, na nje kondoo wamejibanza penye kuta za mawe. Karibu na Castleton tulikuta barabara iliyokatika vipande vipande chini ya kilima cha Mam Tor. Kilima hicho huporomoka, na maji ya mvua huongeza mporomoko. Barabara ilitengenezwa mara nyingi, lakini mwaka 1979 ilifungwa kabisa kwa magari. Basi tukazunguka kwa njia nyembamba mpaka Edale.

Juu ya Edale upo mlima wa Kinder Scout, wenye urefu wa meta 636. Leo mtu yeyote huupanda kwa miguu bila kuomba ruhusa. Zamani haikuwa hivyo. Nyanda zake zilishikwa na mabwanyenye kwa ajili ya kuwinda ndege, na walinzi wao waliwafukuza wapita njia. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya vijana, wengi wao wafanyakazi, waliingia humo kwa makusudi. Mmoja wa viongozi wao, Benny Rothman, alikuwa na miaka 20. Vijana watano walifungwa jela kwa muda wa miezi miwili hadi sita.

Kifungo hicho hakikuzima madai yao. Sheria ya hifadhi za taifa ilipitishwa mwaka 1949, na Peak District ikawa hifadhi ya kwanza mwaka 1951. Sheria ya mwaka 2000 ikapanua haki ya kutembea katika nyanda za wazi. Mwaka 2002 Duke wa Devonshire, mjukuu wa mwenye ardhi wa wakati ule, aliomba radhi hadharani.

Lakini mlima ulio wazi haumfai mtu asiye na siku ya kupumzika. Miji ya viwanda vya pamba ilikuwa na wiki yake ya mapumziko, mashine zikizimwa, ila kwa miaka mingi wiki hiyo haikuwa na mshahara. Wafanyakazi waliweka akiba mwaka mzima ili waweze kula siku hizo. Vyama vyao vilidai, na sheria ya likizo yenye malipo ikapatikana mwaka 1938.

Kwetu pia sheria ipo. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 inatoa siku 21 za kazi kwa mwaka. Ya Tanzania ya mwaka 2004, siku 28 mfululizo. Ya Uganda ya mwaka 2006, siku 7 kwa kila miezi minne.

Ndugu, hesabu siku zako. Zikipungua, mwone mwakilishi wa chama kazini kwako. Hata ukizitumia kwa kumtembelea mama kijijini huku mvua inanyesha, ni siku zako, na zina mshahara.