Pembe ya Tulposti: Pesa Yako Iende Wapi?

Puli ya kinu cha kusaga mahindi humuumbua fundi wa mashine ya kukereza haraka. Mfereji wa mkanda wa V kwa kawaida una digrii 38 kwa puli kubwa na 34 kwa ndogo, kwa hiyo kila ubavu unakatwa kwa 19 au 17. Ukikosea, mkanda unateleza au unalika upande mmoja, na mteja anarudi karakanani kwako, sokoni Kibuye, na puli yako mkononi.

Pembe hiyo huwekwa kwa kugeuza tulposti, nguzo inayoshika kisu cha kukatia, lakini nyingi hazina alama za digrii. Ukilegeza nati ya juu, pembe imepotea.

Kwa kuirudisha, kipimapembe cha chuma ni rahisi na hakikosekani madukani. Kasoro yake ni jicho: leo utasoma 19, kesho 19 na kidogo. Kabla ya kulipa, kaza mkono wake kisha utikise. Mkono ukicheza, kirudishe.

Kwa mwenye pesa kidogo, chaguo langu ni kabari za chuma. Tafuta kipande cha bamba nene kwa wauza skrapu, wanaouza kwa kilo. Chora pembetatu yenye kona mraba: upande mmoja wa kona hiyo milimita 100, wa pili 34.4. Mteremko wake ni digrii 19. Kwa 17, wa pili uwe 30.6. Tumia kipimo cha venia, kwani kosa la nusu milimita hapo ni karibu robo digrii. Kama huna mashine ya kunyooshea kingo, patana bei na mwenye nayo kabla hajaanza. Gharama hujificha hapo.

Zima mashine, egemeza kabari kwenye uso wa chaki inayoshika kazi, sogeza tulposti hadi ilalie mteremko, kaza nati, kisha hakikisha tena. Kukaza kwenyewe huizungusha. Chaki yenye makovu ipige tupa kwanza.

Tulposti ya kubadilisha visu haraka inavutia, lakini wengi huinunua kwa sababu isiyo yake. Inarudisha kisu mahali pake juu ya tulposti. Hairudishi tulposti kwenye pembe. Ile yenye vituo 40 inaruka digrii 9 kila hatua: utapata 18, hutapata 19. Ukitajiwa shilingi 20,000 bila VAT, unalipa 23,200, na nauli ya mzigo kutoka Nairobi bado. Vishikio vya ziada vinauzwa kando, na nati ya chini mara nyingi huchongwa upya iingie kwenye mfereji wa mashine yako. Pima pia kimo kabla ya kuagiza. Ikiwa ndefu mno, kisu hakitashuka hadi katikati.

Kama unakata puli zilezile kila siku, toboa tundu la pini kwa kila pembe, kupitia kitako cha tulposti hadi kwenye slaidi iliyo chini yake. Ni haraka kuliko kabari, ila tundu halifutiki na mnunuzi wa baadaye atalitumia kushusha bei. Mashine ya kukodi usiiguse kwa drili.