Upangaji wa muziki wa okestra kwa kinanda

Upangaji wa muziki wa okestra kwa kinanda ni kazi ya kuandika upya muziki wa ala nyingi ili upigwe na mtu mmoja, au wawili, kwenye piano, ogani au kinanda cha umeme. Hutumika hasa kwa tungo kubwa za kwaya, wakati wa mazoezi au mahali pasipo na okestra.

Historia

Oratorio ya Messiah ya Georg Friedrich Händel iliimbwa kwa mara ya kwanza mjini Dublin mwaka 1742. Katika karne ya 19 kampuni ya Novello ya London ilichapisha tungo za aina hiyo kwa bei nafuu, pamoja na sehemu ya kinanda, na hivyo kwaya za watu wa kawaida ziliweza kuzijifunza. Johannes Brahms alipanga mwenyewe Requiem yake ya Kijerumani kwa watu wawili wanaopiga piano moja. Iliimbwa hivyo London mwaka 1871.

Namna ya kupanga

Mikono miwili haiwezi kupiga nota zote za okestra. Mpangaji huanza na besi, kisha sauti ya juu, halafu nota za kati zinazokamilisha akordi. Ala zinazorudia tu yale yanayoimbwa na kwaya huachwa kwanza. Nota zinazowaongoza waimbaji kuingia haziachwi. Kwa mfano, katika "Haleluya" ya Händel okestra hutangulia peke yake. Utangulizi huo ukikatwa, kwaya haipati sauti wala mwendo. Mngurumo wa ngoma za timpani huandikwa kama nota mbili zinazopishana haraka katika mkono wa kushoto.

Vinanda vidogo

Piano ya kawaida ina vibonyezo 88, lakini vinanda vingi vya umeme vina 61, yaani oktavi 5. Nota yake ya chini kabisa kwa kawaida hulingana na ile ya chelo, ilhali fidla kubwa ya besi hushuka zaidi. Kwa kuwa ala hizo mbili mara nyingi hupiga nota zilezile kwa tofauti ya oktavi moja, mpangaji hufuata chelo na akordi hubaki kamili. Nota za pedali za ogani nazo huhamishiwa mkono wa kushoto.

Nchini Tanzania

Kwaya nyingi za makanisa hujifunza sauti nne kwa solfa na kusindikizwa na kinanda. Katika eneo la Mlima Meru, Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, kilichopo Usa River, hufundisha muziki. Kwa kwaya ya mtaa kama Sakina, jijini Arusha, nakala yenye nota chache zinazopigika hufaa kuliko iliyojaa nota: mpigaji akikwama, sauti zote nne hukwama naye.