Je, Wajua? Mpiga Drams wa Queen

Je, wajua kwamba mpiga drams mwanzilishi wa bendi ya Queen alikwenda London kusomea meno? Ndiyo, meno! Roger Taylor aliingia chuo cha udaktari mwaka 1967, akayaacha meno ya watu, akahamia baiolojia na shahada akaipata.

Mwaka 1968 Brian May, mwanafunzi wa fizikia, alibandika tangazo chuoni akitafuta mpiga drams. Taylor akaja, akaanza kuzikaza ngoma zake moja moja. Mlio wa kukaza tu ulimwacha May mdomo wazi!

Sikia na hii. Kabla ya umaarufu, Taylor aliuza nguo za mitumba katika soko la Kensington. Na aliyesimama naye kwenye kibanda ni nani? Farrokh Bulsara, mzaliwa wa Mji Mkongwe, Zanzibar, ambaye dunia ilikuja kumjua kama Freddie Mercury. Mwaka 1970 Taylor, May na Freddie wakaizaa Queen.

Sasa kaa vizuri. Umeusikia Bohemian Rhapsody wa 1975, si ndiyo? Ile sauti nyembamba inayopaa kuliko zote pale wanapoimba kama opera si ya Freddie. Ni ya mpiga drams! Walirekodi sauti juu ya sauti mpaka mkanda ukachakaa, ukawa unapitisha mwanga. Halafu geuza santuri: upande wa pili una I'm in Love with My Car, alioutunga na kuuimba Taylor mwenyewe. Kila nakala iliyouzwa, mtunzi wa upande wa pili alilipwa sawasawa na Freddie. Na nakala zilipita milioni 1 Uingereza peke yake!

Na wimbo wa Radio Ga Ga je? Wake pia. Chanzo ni mwanawe mdogo, aliyeitupia redio neno la kitoto la chooni. Tarehe 13 Julai 1985, watu 72,000 kwenye tamasha pale Wembley waliupigia makofi kwa pamoja. Itazame video ya tamasha hilo ukiweza: mikono kama shamba la mpunga kwenye upepo!

We Will Rock You, mdundo unaoujua hata ukiwa usingizini, hauna drams. Ni miguu na makofi tu. Lo!

Mwaka 1999 Posta ya Uingereza ilitoa stempu ya Freddie, na nyuma yake akaonekana Taylor kwenye ngoma zake. Zogo likazuka, maana desturi ilikuwa aliye hai asitokee kwenye stempu, ila watu wa ukoo wa kifalme.

Sanamu kubwa ya Freddie, mita 6 hivi, iliyosimama mbele ya ukumbi wa Dominion, London? Iko bustanini kwa Taylor.

Usiondoke bado! Brazil kuna kereng'ende anayeitwa Heteragrion rogertaylori tangu 2013. Wenzake watatu wa Queen nao wana wa kwao.