Maporomoko ya Nyandarua Yasiwe ya Wenye Fedha Pekee

Kalenda mpya inapobandikwa katika majilisi ya walimu, jambo ambalo wengi wetu hulitafuta, hata kabla ya tarehe za kufungua na kufunga shule, ni sikukuu zinazoangukia Ijumaa au Jumatatu. Sheria yetu nayo ni karimu, kwani sikukuu ikiangukia Jumapili, Jumatatu inayofuata huwa ya mapumziko. Ndivyo ilivyokuwa mwezi wa Oktoba 2024, Siku ya Mashujaa ilipoangukia Jumapili. Siku tatu mfululizo ni neema kwa mwalimu na mwanafunzi, na hapana shaka kwamba aishiye Kangemi, Kawangware, Dagoretti au Lavington, akiinua macho kuelekea juu ya Barabara ya Waiyaki, moyo humpeleka kwenye milima ya Nyandarua na maporomoko yake ya maji.

Safari hizo ni njema nami nazipenda. Ninacholalamikia ni namna zinavyopangwa. Aghalabu jambo la kwanza ambalo mwanafunzi hulijua kuhusu safari ni bei yake. Tangazo hubandikwa ubaoni likiwa na kiasi cha fedha na siku ya mwisho ya kulipa, na kabla mtoto hajajua ni mto gani anaokwenda kuuona, amekwisha kujua kwamba yeye si wa kwenda. Hapo shule huwa imewagawa wanafunzi wake makundi mawili kwa kipande kimoja cha karatasi. Kwa maoni yangu, mpango wa safari ya maporomoko unapaswa kuanza na maji yenyewe, ufuate miguu ya watakaotembea, na fedha ziwe za mwisho kuzungumzwa. Na wapangaji wawe wanafunzi.

Kwa nini maji kwanza? Kwa sababu maji ya mlima ule yamo majumbani mwetu. Bwawa la Sasumua, lililojengwa mwaka 1956 karibu na Njabini huko Kinangop, huteremsha maji yake hadi kwenye matangi ya Kabete bila ya kuhitaji kusukumwa kwa mashine, kwa kuwa mlima uko juu na mji uko chini. Bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994 kwenye Mto Thika, huweza kuhifadhi mita za ujazo milioni 70, na ndilo tegemeo kubwa la jiji la Nairobi. Mtoto wa Kawangware anayepanga foleni na mtungi wa lita 20 mbele ya kibanda cha muuza maji anasubiri mvua iliyonyesha Nyandarua. Mwambie hivyo, kisha umwonyeshe ramani, uone kama atakuuliza tena kwa nini tusiende Mombasa.

Ramani hiyo ina mambo mengi ya kufundishia. Mvua ileile inayonyesha juu ya mlima hugawanyika pande zote za nchi. Mto Malewa huteremka magharibi hadi Ziwa Naivasha. Ewaso Narok hupita Nyahururu, ukajiunga na Ewaso Ng'iro kuelekea nchi kame za kaskazini. Gura huenda mashariki, na maji yake huishia katika Mto Tana, ambako huzungusha mitambo ya umeme ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere kabla ya kufika Bahari ya Hindi. Kuna mtego mmoja hapa ambao sina budi kuwatahadharisha nao wapangaji: mito inayoitwa Chania ni miwili. Mmoja hupita Nyeri, na mwingine hupita Thika. Maporomoko ya Chania yaliyomo ndani ya hifadhi ya taifa si yale ya Chania yaliyo pale mjini Thika. Kikundi kisichosoma ramani chaweza kulipia dereva safari ya mto huu hali kinataka kuuona ule.

Basi ni maporomoko gani yanayofaa? Hapa ndipo miguu inapoingia. Mashuhuri kuliko yote ni Karuru, yaliyo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Aberdare, ambayo ilianzishwa mwaka 1950. Maji yake huanguka kwa ngazi tatu, ya kwanza mita 117, ya pili 26, na ya tatu 130. Jumla mita 273. Ng'ambo ya bonde hilohilo yapo maporomoko ya Gura, na aliyesimama mahali pazuri siku isiyo na ukungu huyaona yote mawili yakitazamana. Ni mandhari ambayo hayasahauliki. Lakini msomaji asidanganywe na picha. Njia ya kutoka Ndunyu Njeru hadi Lango la Mutubio na kuingia nyika ya juu ni kali, na mvua ikinyesha huhitaji magari yenye nguvu katika magurudumu yote manne. Basi la shule halina kazi huko. Nyika yenyewe iko zaidi ya mita 3,000 juu ya bahari, usiku wake huwa na baridi ya kugandisha maji, na mtu aliyetoka Nairobi asubuhi aweza kuumwa na kichwa na kuhisi kichefuchefu kufikia adhuhuri. Nyati na tembo wapo, kwa hivyo anayetaka kutembea kwa miguu huongozwa na askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Ongeza ada ya kuingilia, kodi ya magari na malipo ya askari huyo, uone kama mzazi anayeuza mboga sokoni Kangemi atatia sahihi fomu.

Yapo maporomoko mengine ambayo hayamfungii mtu mlango. Msitu wa Kereita, kwenye ncha ya kusini ya milima hiyohiyo, hauko mbali na pale panapoitwa Flyover katika barabara kuu ya kwenda Naivasha. Kuna njia za kutembea, mapango na maporomoko, na jamii inayouzunguka msitu hushirikiana na idara ya misitu kuutunza. Basi la kawaida hufika. Kutoka hapo, barabara ya lami hukata kulia kupitia Njabini, jirani na Sasumua, ikaendelea hadi Ol Kalou na kufika Nyahururu, ambako maporomoko ya Thomson hushuka mita 74 nje kidogo ya mji. Yanabeba jina la Joseph Thomson, Mskoti aliyepita huko mwaka 1883, na ambaye pia aliipa milima ya Nyandarua jina la bwana mmoja aliyekuwa rais wa chama cha wanajiografia mjini London. Wenyeji walikuwa na jina lao tangu zamani, nalo husemwa linatokana na ngozi iliyoanikwa ikauke, kwa jinsi milima ile inavyojikunja. Mwalimu wa historia ana somo zima hapo bila ya kufungua kitabu.

Kwa hivyo kikundi cha shule kikitaka siku tatu za haki, kilale karibu na Kereita Jumamosi baada ya kutembea msituni, kipande Nyahururu Jumapili, kirudi Jumatatu. Karuru ibaki kwa walimu wenyewe au kwa wanafunzi wa chuo walio wachache na wenye magari. Najua wapo watakaosema kwamba nimewanyima watoto kilele cha safari. Mimi nasema mtoto aliyebaki nyumbani hakuona hata kijito.

Kabla ya hayo yote kuna jaribio dogo ambalo halihitaji hata kulala nje. Tofauti ya Karuru na Karura ni herufi moja, lakini Karura i papa hapa jijini, mwendo mfupi wa matatu kutoka Westlands au katikati ya mji, na ndani ya msitu wake kuna maporomoko na mapango. Kikundi kitembee huko Jumamosi moja, mwezi mmoja kabla ya safari. Wapangaji watajua nani viatu vyake vinamuumiza, nani ana pumu na hakusema, nani hukimbia mbele na kuwaacha wenzake. Mwendo wa safari nzima uwekwe kwa kipimo cha aliye wa mwisho siku hiyo. Pia watoto wajue kwamba msitu huo nusura uliwe na wanyakuzi wa ardhi: mnamo Januari 1999, Wangari Maathai na wenzake walipigwa walipokwenda kupanda miti, na wanafunzi wa vyuo vikuu wakaandamana kuutetea. Miaka mitano baadaye mama huyo alitunukiwa Nishani ya Amani ya Nobel. Leo mwanafunzi anapita chini ya miti hiyo akila mandazi, ambayo nadhani ni heshima ya kutosha kwa waliopigwa, maadamu karatasi hatupi chini.

Sasa tuje kwenye majira, ambayo ndiyo yanayonitia hofu. Tazama tena kalenda. Pasaka, ambayo hutupa siku nne, huja Machi au Aprili, mvua za masika zikiwa zimeanza. Siku ya Mazingira ni tarehe 10 Oktoba na Mashujaa ni tarehe 20 Oktoba, vuli ikibisha hodi. Madaraka, tarehe 1 Juni, hukuta ardhi bado imelowa. Yaani karibu kila mapumziko yetu marefu hukutana na mvua. Maporomoko nayo hupendeza zaidi wakati huo kwa kuwa mito imejaa, na hapo ndipo urembo na hatari huwa kitu kimoja. Mto wa mlimani hujaa kwa mvua iliyonyesha juu, mahali ambapo wewe uliye chini kwenye jua hupaoni. Maji yakigeuka rangi ghafla au yakaanza kubeba majani na vijiti, watu waondoke bila ya kungoja amri ya pili.

Haya si maneno ya kutishia watoto. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, maji yaliyokuwa yamezuiliwa kwenye tuta la reli juu ya Mai Mahiu yalifumuka na kukifagia kijiji cha Kamuchiri, na makumi ya watu wakafariki. Mahali hapo ni chini ya kuta za Bonde la Ufa, upande uleule wa Kijabe na Kereita. Muhula wa pili uliahirishwa kote nchini mwaka huo kwa sababu ya mafuriko. Shule iliyokuwa imepanga safari wiki hiyo ilitakiwa iwe na mpango wa kuivunja, pamoja na makubaliano na mwenye basi kuhusu fedha zilizokwisha kulipwa. Kikundi kinachoshindwa kuahirisha kwa sababu ya amana ya basi kimeuza uamuzi wake mapema. Makubaliano hayo na yaandikwe.

Nilipoyaeleza haya katika majilisi yetu, mwalimu mmoja wa fizikia, mtu mzima kuniliko, alinitazama kwa huruma.

“Mwalimu, huu mzigo wote wa nini? Wapo wenye mabasi na wapishi. Tuwalipe, watuchukue, waturudishe.”

“Mzee wangu, na watoto watajifunza nini?”

“Watajifunza kupumzika,” akasema. “Hilo nalo ni somo, na wewe hujalifaulu.”

Ana haki yake, na walimu walicheka upande wake. Hata hivyo nilimwalika aje kwenye kikao cha kamati ya wanafunzi, akaja. Msichana wa kidato cha tatu alikuwa ameandika gharama zote ubaoni: basi, mafuta, malazi, unga, maharagwe, sukari, dawa za huduma ya kwanza, ada za msitu. Chini kabisa paliandikwa fulana zenye jina la safari, pendekezo la vijana wawili waliokaa nyuma. Aliigawa ile jumla, akanyamaza kidogo, kisha akauliza: “Mwalimu, tukifuta fulana, si wenzetu wanne wanapata nafasi?” Akazifuta kabla sijajibu. Mzee wetu wa fizikia ndiye aliyependekeza baadaye kwamba malipo yaanze Januari kwa shilingi hamsini kila wiki, ambazo kwa wiki ishirini ni shilingi elfu moja, na kwamba kila atakayelipa alipe kwa mweka hazina peke yake, ili asiwepo anayejua nani amelipa ngapi.

Yaliyobaki ni madogo lakini hayasahauliki bila ya kulipiza. Kila mtoto awe na sweta mbili, koti la mvua, soksi za akiba, na viatu vilivyokwisha kuvaliwa. Viatu vipya ni adui wa mpanda mlima. Orodha ya majina isomwe kila mnapopanda basi na kila mnaposhuka. Kwenye maporomoko yenyewe mwalimu mmoja asimame upande wa maji na mwingine nyuma ya kundi, na simu za kupigia picha zitumike mahali palipo na uzio tu, maana mwamba uliolowa haumjui mwenye haraka. Jumatatu, basi liondoke Nyahururu mapema asubuhi, hata kama watoto watanung'unika. Siku hiyo kila aliyetoka Nairobi anarudi Nairobi, magari hufuatana kutoka Naivasha hadi Limuru, na ukungu wa Uplands hushuka barabarani jioni. Kamati yetu imeandika saa mbili asubuhi. Mzee wa fizikia anataka saa moja, na katika hilo nimemuunga mkono.